Msilisage Jiwe Likiwa Kavu

Wanangu wa Runingu,

Juzi jioni nilipita kwa fundi wa kuchomelea, pale kando ya barabara kuu, nikawakuta vijana watatu mmechuchumaa mkiizunguka mashine ya kukatia chuma, ile ya mkononi ambayo ndugu zetu wa Kigoma wanaiita grenda. Mmoja alikuwa amelikanyaga jiwe la mtoni kwa kiatu ili lisiruke, mwingine analikata, wa tatu anapuliza kwa mdomo ili mstari uonekane. Vumbi jeupe lilipanda mpaka kwenye bati. Mlicheka mliponiona, kwa kuwa nyusi zenu zilikuwa nyeupe kama za mtu aliyeshinda kwenye mashine ya kusaga muhogo. Mimi sikucheka. Nilifika nyumbani bugali haukushuka, na usiku huo huo nikaomba karatasi kwa mjukuu wangu.

Sikuandika kuwakataza kazi ya mawe. Hamu hiyo naijua, niliipata nikiwa mdogo kuliko ninyi. Nani kati yetu hajawahi kuokota jiwe mtoni likiwa limelowa, jekundu lenye mistari, linang'aa kama jicho la mukeke aliyetoka sasa hivi ziwani, akalitia mfukoni, akafika nyumbani akakuta limekauka na kuwa kijivu tu? Mama yangu alinikuta nimelitia jiwe kinywani ili niione tena ile rangi yake. Kazi nzima ya kung'arisha mawe imo katika jambo hilo. Jiwe kavu halionyeshi rangi kwa sababu uso wake umejaa mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga. Maji yanaijaza mikwaruzo, na rangi inatoka. Fundi anaiondoa mikwaruzo kidogo kidogo, mpaka jiwe libaki na sura ya kulowa siku zote. Ni kazi nzuri. Inafundisha subira, na mtu mwenye mikono mitulivu anaweza kupata nayo chakula cha watoto.

Lakini tazameni mto unavyoifanya. Unateremka kutoka milima ya Itombwe, unayagonganisha mawe, unayasugua kwa mchanga, na yakifika kwetu bondeni hayana pembe tena. Mto umesaga mawe tangu kabla hatujakuwapo, na hamjaona vumbi juu yake hata siku moja. Unasaga ndani ya maji.

Mwaka 1996 vita vilipotutawanya, mimi nilivuka ziwa hadi Kigoma, na baadaye kazi ikanivuta mpaka Arusha. Wakati huo mji ule ulikuwa umejaa habari za tanzanaiti, jiwe la buluu lililogunduliwa Mererani mwaka 1967, ambalo mpaka leo halijapatikana kwa kiasi cha kuchimbwa mahali pengine duniani. Nikaingia kwenye banda moja la kukatia mawe. Mwenye banda hakuwa mtu mbaya, ila alitaka kazi iende haraka, na maji yalikuwa ya kununua kwa ndoo. Kwa hiyo mawe makubwa ya bei ndogo, kwatzi na akiki na mengineyo, tuliyapunguza kwanza nje kwa grenda, makavu, kisha ndiyo yakaingia ndani kwenye magurudumu yenye maji.

Nilikuwa na mwenzangu pale, kijana wa upande wa pili wa ziwa, mwenye jicho kuliko sisi sote. Akilishika jiwe kwenye mwanga wa dirisha alijua lipasukie wapi. Kwa sababu alikuwa hodari, yeye ndiye aliyepewa kupunguza. Mimi nilikuwa mzito wa mkono, nikawekwa ndani kwenye maji. Huo uzito wa mkono ndio ulionipa miaka ninayoila hivi sasa.

Mwaka wa saba akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha asubuhi. Zahanati wakampa dawa za kifua kikuu, akamaliza miezi yote, akapata nafuu, kikarudi. Akapewa tena. Mwili ukapungua, lakini jambo lililotutisha ni pumzi: mtu wa miaka 36 alikuwa akipanda ngazi nne anakaa. Mwishowe daktari mmoja akaichukua picha ya kifua, akaiweka kwenye mwanga, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Unafanya kazi gani?" Alipojibu, daktari alinyamaza kitambo. Alizikwa akiwa na miaka 38. Siku za mwisho alilala akiwa ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa maana akilala chali pumzi ilikatika.

Ugonjwa ule unaitwa silikosisi. Nitawaeleza unavyofanya kazi, kwa sababu mtu huogopa vizuri kitu anachokielewa.

Mawe mengi ya mto wetu yana silika ndani yake. Lile jeupe gumu, kwatzi, ni silika tupu. Ukilisaga kavu, linatoka vumbi la aina mbili. Lipo lile mnaloliona, linalotua kwenye nyusi. Hilo linakwama puani na kooni, unalitema. Na lipo msiloliona. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa maikroni 70 hivi. Chembe zinazoua hazifiki hata maikroni 5. Hizo zinaelea hewani saa nyingi baada ya mashine kunyamaza, na zikivutwa zinakwenda mpaka mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vidogo ambamo damu hupokea hewa. Huko mwili una askari wake wa kula uchafu. Askari anaimeza chembe, lakini chembe ya jiwe haiyeyuki. Inamuua yeye, inatoka, inamezwa na mwingine, naye anakufa. Kila pahali walipofia panabaki kovu. Makovu yanaungana, na pafu lililokuwa laini kama sponji linakuwa gumu. Unga wa muhogo mwili unaweza kuuyeyusha na kuutoa. Jiwe linabaki jiwe.

Hakuna dawa ya kulainisha kovu hilo. Kuacha kazi hakulirudishi nyuma. Mtu anaweza kuacha leo na ugonjwa ukaendelea kutambaa. Na mapafu yenye vumbi hilo ni nyumba iliyoachwa wazi kwa kifua kikuu, ambacho huku kwetu hakihitaji kualikwa. Ndiyo sababu wengi wanatibiwa kifua kikuu mara ya kwanza na ya pili bila mtu kuuliza kuhusu mawe. Tena tangu mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka silika ya namna hii katika kundi la kwanza, pamoja na vitu vilivyothibitishwa kuwa vinaleta saratani kwa binadamu.

Mtasema: mzee, sisi tunafunga kitambaa puani. Kitambaa kwa vumbi hilo ni sawa na kwenda kuvua ndagala kwa wavu wa sangala. Barakoa zinazofaa zipo, zile ngumu zinazobana uso pande zote, lakini hata hizo ni ulinzi wa mwisho, baada ya maji.

Wala msidhani ni habari ya Afrika peke yake. Shanga nyekundu za akiki zilizokuwa zikivaliwa pwani ya Waswahili tangu zama za Kilwa zilitoka Khambhat, mji wa Gujarati huko India, zikavuka bahari kwa majahazi. Mpaka leo Khambhat wanazisaga, wengi wakiwa majumbani mwao, na silikosisi imewamaliza sana, si mafundi tu bali hata wake zao, watoto, na majirani ambao hawajawahi kugusa jiwe. Hilo la majirani nawaomba mlisome mara mbili. Ujerumani kuna mji wa Idar-Oberstein ambako kwa karne nyingi mafundi walilala kifudifudi juu ya vibao, wakisukuma akiki kwenye magurudumu makubwa ya mawe ya mchanga yaliyozungushwa na maji ya kijito. Gurudumu lilikuwa limelowa, na bado wengi walikufa mapema kwa kifua, maana uso ulikuwa karibu mno na manyunyu, na manyunyu yakikauka hewani yanaacha vumbi. Na juzi tu, tarehe 1 Julai 2024, Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani yanayotumika kwenye meza za jikoni, kwa sababu vijana waliokuwa wakiyakata walianza kuishiwa pumzi. Nchi yenye fedha, mashine na sheria ilishindwa kulidhibiti vumbi la jiwe hilo, ikaona afadhali iliache jiwe lenyewe.

Sasa, kama bado mnaitaka kazi hii, njooni niwaonyeshe njia ya mto.

Nyuma ya jiko langu kuna pipa dogo linalozunguka. Nimelitengeneza kwa kipande cha bomba la plastiki la milimita 160, lile la maji machafu, likafungwa pande zote mbili, na ndani nimelibandika mpira wa ndani wa tairi la gari ili mawe yasipasuke na kelele zisiwaamshe watu. Linalala juu ya vyuma viwili vilivyokaa kwenye beringi, kila kimoja kimevalishwa mpira, na pamoja na mpira huo kina kipenyo cha sentimita 2. Mota niliitoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa. Inazunguka mara 1,400 hivi kwa dakika. Hiyo ni nyingi mno. Puli ndogo ya mota ina sentimita 5, nayo inavuta puli ya sentimita 25 iliyoko kwenye chuma kimoja, kwa hiyo chuma kinazunguka mara 280. Chuma cha sentimita 2 kikilisukuma pipa la sentimita 16, mwendo unagawanyika tena kwa 8: pipa linazunguka mara 35 kwa dakika. Hapo mawe yanapanda ukutani kidogo, kisha yanateleza taratibu juu ya wenzake. Ukiongeza mwendo yanaanza kuruka na kupasuka. Ukipita mizunguko 100 na kitu yanang'ang'ania ukutani wala hayasuguani kabisa.

Ndani yake natia mawe mpaka theluthi mbili za pipa, makubwa kwa madogo, yenye ugumu wa karibu sawa. Mtu akichanganya kwatzi na jiwe laini, lile laini linaisha lote kabla kwatzi halijapata habari. Kipimo ni kisu: jiwe linalokwaruzwa na kisu likae peke yake, linalokikwaruza kisu likae na wenzake. Kisha unga wa msasa, ule mweusi unaometa, silikoni kabaidi, ambao kwa ugumu umepitwa na almasi na vitu vichache tu. Vijiko vinne vya chakula kwa kilo moja na nusu ya mawe, na maji yafike chini kidogo ya mawe ya juu. Juma la kwanza namba 60 hadi 90, la pili 120 hadi 220, la tatu 500, la nne unga wa kung'arishia. Kila hatua muoshe kila kitu, mawe, pipa, mfuniko, kucha zenu. Punje moja ya msasa mkubwa ikibaki itawaharibia juma zima. Umeme ukikatika, kama unavyokatika, si neno, mto nao hupungua kiangazi. Ila msiliache tope litulie siku mbili bila kulitikisa kwa mkono, linashika kama saruji. Na kila siku fungueni mfuniko kidogo, maana mawe mengine yanatoa hewa ndani, pipa likavimba na kupasuka. Mimi huongeza ncha ya kijiko ya unga wa soda.

Mtapenda kujua kwamba mojawapo ya unga bora wa kung'arishia ni oksidi ya bati, na kasiteriti inayotolewa kwenye milima ya Kivu hii hii ndiyo hiyo oksidi ya bati, ikiwa haijasafishwa. Tunaiona ikipita kwenye magunia, kisha tunanunua kijiko chake kutoka mbali.

Kwa mwenye haja ya kukata, iko misumeno midogo ya kukatia vigae, yenye ukingo wa almasi, inayopita ndani ya bakuli la maji. Tumieni hiyo. Maji yakiisha kwenye bakuli, zimeni, hata kama umebaki unene wa ukucha. Kaeni pembeni, msiukaribishe uso kama wale wa Idar-Oberstein, fanyeni kazi nje penye upepo unaotoka mgongoni kwenu. Yupo atakayewaambia mazutu yanapooza msumeno vizuri kuliko maji. Mazutu yanashika moto, na moshi wake mnauvuta. Maji yanatosha.

Maji na umeme havikai nyumba moja, hili mnalijua lakini mnalisahau. Mota ya umeme wa nyumbani ikae juu ya meza, pipa chini, mkanda mrefu katikati, na waya uning'inie kwanza chini kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone likitembea juu yake lidondoke njiani. Mikono iliyolowa isiguse swichi. Kwa wale wenye sola, mota ya waipa ya gari inakula volti 12 na tayari inakwenda polepole. Iungeni na mhimili wa pipa moja kwa moja, na mtoto akiigusa haitamuua. Dada zangu, vitenge na misuko mirefu vifungwe nyuma kabla mkanda haujaanza kuzunguka.

Narudi kwenye tope, kwa sababu hapa ndipo watu wenye akili wanapoanguka. Mtu anafanya kazi yote ndani ya maji, vizuri kabisa, halafu anamwaga tope uani. Kesho jua la bonde la Ruzizi linalikausha. Keshokutwa mama anafagia. Lile vumbi ulilolizuia mwezi mzima linainuka kwa ufagio mmoja na kuingia kwa mtoto aliyelala mlangoni. Tope la mawe ni vumbi lililosubirishwa tu. Basi liacheni litulie ndani ya ndoo, mimineni maji ya juu, na lile zito, likiwa bado limelowa, litieni shimoni mbali na kisima na mfereji wa mpunga, mlifukie kwa udongo. Meza ifutwe kwa kitambaa cha maji, isifagiliwe. Nguo za kazi zisikung'utwe; zitumbukizwe kwenye beseni kabla hujamshika mtoto.

Kuna mawe ambayo hata kwa maji siyataki kwenye pipa lenu. Malakiti ya Katanga, lile la kijani wanalolichonga Lubumbashi, ni laini na zuri, lakini vumbi lake lina shaba na ni sumu. Aliye mwanafunzi asilianzie. Jiwe linalochambuka nyuzi nyuzi kama katani, liacheni lilipo. Na jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake, msilisage kabisa: koltani mara nyingi inabeba urani na thori ndani yake, na hivyo havitaki kuvutwa wala kukaa chini ya kitanda. Hili la chini ya kitanda nalisema nikijua nyumba ninazozisemea.

Siku moja mtapata kitu cha thamani, pengine tumalini yenye rangi mbili kutoka juu huko. Msikimbilie kuivusha usiku. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mchimbaji mdogo awe na kadi, na ofisi ya serikali ya kupima vito, CEEC, ipo kwa ajili hiyo. Njia hiyo ni ndefu na inachosha. Lakini jiwe lisilo na karatasi lina wenyewe wengi barabarani, na baadhi yao wana bunduki.

Kwa yule aliyekuwa anapuliza kwa mdomo, wewe nakuandikia peke yako. Niliona jinsi ulivyoligeuza jiwe kwenye mwanga kabla ya kulikata. Hukuambiwa na mtu. Mwenzangu wa Arusha aliligeuza hivyo hivyo, kwa vidole viwili na kichwa upande. Ndiyo maana bugali haukushuka.

Jumamosi pipa langu linafunguliwa hatua ya tatu. Njooni wote watatu, asubuhi kabla ya jua. Grenda ibaki kwa fundi. Kila mmoja aje na ndoo ya maji.